Mbegu za papai tamu zimenizalia madume sita: yametoka wapi?

"Shikamoo bwana shamba. Naishi Mikindani, nina ua mkubwa kiasi nyuma ya nyumba. Mwaka juzi nilinunua kifurushi cha mbegu za papai chotara mjini Mtwara, nikaotesha, nikapata miti 10. Dume halikuwepo hata moja. Mingine ilizaa mapapai marefu, mingine ya duara, yote mekundu ndani na matamu, watu wakawa wanayafuata mlangoni. Kwa kuwa kifurushi ni ghali, nilichagua papai kubwa kuliko yote, la duara, nikaanika mbegu zake na kuzipanda. Sasa nina miti 14, ina karibu mwaka. Sita imetoa vishada virefu vya maua matupu. Sita ina mapapai ya duara ila hayafanani: mengine ya njano ndani, mengine mekundu, moja tamu, jingine kama tango. Miwili ina mapapai marefu, na hayo ndiyo yamebaki mekundu na matamu kama ya zamani. Mume wangu anasema tuliuziwa mbegu feki. Mzee jirani anasema nipigilie misumari kwenye madume yatageuka majike. Shemeji anataka tuyakate yote sita. Nifanye nini? Na je, naweza kuendelea kujiwekea mbegu mwenyewe?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mwenye duka, maana naona ameshahukumiwa: hana kosa. Mbegu alizokuuzia zilikuwa za kweli, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Umehesabu miti, umetazama umbo la tunda, umekata ukaangalia rangi ya ndani. Kwa hayo matatu naweza kukuambia miche yako ni watoto wa nani, na baba yao hakuwa katika ua wako peke yake.

Watu wengi huku kwetu huugawa mpapai mara mbili, dume na jike. Kwa kweli uko wa aina tatu. Dume hutoa vishada virefu vinavyoning'inia, vimejaa maua madogo membamba. Jike hutoa ua kubwa lililokaa karibu kabisa na shina, limenenepa chini, na ndani yake hakuna chavua, ule unga wa kiume wa ua, hata chembe. Tunda la jike huwa la duara, na ukilikata unakuta uwazi mpana katikati. Wa tatu ndio unaosahaulika, nao ni huntha: ua lake lina sehemu za kiume na za kike pamoja, linaweza kujichavusha lenyewe, na tunda lake huwa refu, nyama nene, uwazi mdogo. Wachuuzi wanalipenda hilo refu kwa sababu linapangika vizuri kwenye tenga na nyama yake ni nyingi.

Miti yako 10 ya mwanzo ilikuwa majike na huntha, basi. Hiyo si bahati. Mbegu nyingi za papai chotara, mfano Red Lady iliyotoka Taiwan, hutengenezwa kwa namna ambayo dume halimo kabisa katika ukoo. Wewe uliposhika papai la duara ukasema hili ndilo la mbegu, ulichagua mama jike bila kujua. Na jike halina chavua yake. Kila mbegu iliyokuwa ndani ya papai lile ililetewa baba kutoka ua jingine.

Sasa nifuate taratibu hapa, kwa sababu jibu lako lote limekaa mahali hapa. Kila mpapai una alama mbili za jinsia, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Tuziite J, D na H. Mwenye J mbili ni jike. Mwenye D na J ni dume. Mwenye H na J ni huntha. D na H zina nguvu kuliko J, ndiyo maana moja tu inatosha kubadili mti mzima. Lakini nguvu hizo haziwezi kukaa mbili pamoja: mbegu ikipata D mbili, au H mbili, au D na H, kiini chake hufa kikiwa bado ndani ya tunda, hakioti. Hesabu hii waliifumbua mwaka 1938 watafiti wawili, Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, kila mmoja kwake.

Jike hana cha kutoa ila J. Kwa hiyo kwa mama jike, jinsia ya mtoto inaamuliwa na baba tu. Baba akiwa huntha, nusu ya watoto ni huntha na nusu ni majike. Baba akiwa dume, nusu ni madume na nusu ni majike. Dume hawezi kumzaa huntha, na huntha hawezi kumzaa dume. Hawana alama hiyo ya kutoa. Rudi sasa kwenye miti yako 14. Una madume sita, na ukoo uliotoka kwenye kifurushi hauna D. Basi D imeingia kutoka nje, kutoka kwa dume la jirani. Una huntha mbili, basi na huntha zako mwenyewe zilipata sehemu yao. Ukiona ajabu tunda moja kuwa na baba wawili, kumbuka kwamba papai moja lina mbegu mamia, na kila mbegu hurutubishwa na chembe yake ya chavua. Ndugu waliolala tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Rangi inasema hivyo hivyo. Katika mapapai njano huishinda nyekundu: mti ukirithi njano kutoka upande mmoja tu, tunda lake litakuwa la njano. Mapapai yako ya kwanza yalikuwa mekundu yote, maana yake hayakuwa na njano iliyojificha. Wekundu kwa wekundu hauzai njano. Hiyo njano imeletwa na chavua ya mpapai wa kienyeji. Na tazama ni wapi wekundu umebaki bila kuchanganyika: kwenye ile miti miwili ya mapapai marefu, watoto wa huntha yako. Kila kitu kinaelekea upande mmoja. Jioni moja zunguka nyua za jirani uinue macho, utaliona dume lenyewe na vishada vyake. Maua ya mpapai hutoa harufu jua likishazama, na wanaoifuata ni nondo wakubwa wa usiku, ambao ukuta wa matofali si kitu kwao.

Hata hivyo, dume la jirani lisibebeshwe lawama zote. Hata lingekuwa halipo, mapapai yako yasingefanana na ya kwanza. Sisi husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwa nyoka ni kweli, ila kwa mbegu chotara mithali hiyo inapotosha. Yale maandishi F1 kwenye kifurushi maana yake ni kizazi cha kwanza. Mzalishaji ana koo mbili alizozitunza vizazi vingi, kila ukoo umetulia, miti yake inafanana. Mmoja pengine una utamu, mwingine una uvumilivu wa magonjwa. Anazikutanisha koo hizo mbili, na watoto wao wa kwanza wote wanapata nusu hii na nusu ile, kwa hiyo wanafanana kama mapacha. Ndicho ulichonunua. Lakini watoto hao wakizaa, kila mbegu huchota upya kutoka pande zote mbili bila mpangilio: mmoja anaokota utamu wa bibi, mwingine anaokota uchachu wa babu, wa tatu ukubwa bila ladha. Jingine kama tango, ulivyosema. Chotara ni ahadi ya kizazi kimoja, na kifurushi hakikukudanganya; kilichokosekana ni mtu wa kukueleza hivyo siku ile dukani.

Watu wa Mtwara na Lindi hamjambo kwa hili, ila mnalijua kwa jina la korosho. Panda korosho ya mti unaozaa sana, huna uhakika kama mtoto atazaa hivyo. Ndiyo sababu pale Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, watafiti wamehangaika na miche ya kubebesha, yaani kuchukua kikonyo cha mti bora na kukiunga juu ya mche mwingine, ili mwili wa mama uendelee wenyewe bila kupitia mbegu. Utaniuliza mbona tusibebeshe mipapai. Inawezekana, watu wamefanya. Lakini mpapai huanza kuzaa kabla ya mwaka na huchoka baada ya miaka kama mitatu. Kazi ya kubebesha mti wa maisha mafupi hivyo hailipi ukilinganisha na kuotesha mbegu.

Misumari. Najua inaaminika sana, nami nikiwa kijana niliifanya. Jinsia ya mpapai iko ndani ya kila chembe ya mti tangu siku ya kuchavushwa. Msumari unatoboa shina, hauandiki upya kilichomo. Kwa nini basi wazee wameona dume likizaa baada ya kupigiliwa? Kwa sababu yapo madume ambayo msimu ukibadilika, au mti ukikatwa au kuumizwa, baadhi ya maua yake hukomaza sehemu ya kike na kutoa vipapai vinavyoning'inia kwenye vikonyo virefu. Hutokea pia kwa madume ambayo hayajaguswa na mtu. Aliyepigilia msumari wiki chache kabla hupata sifa ya msumari. Mti wenyewe unabaki dume, na vile vipapai huwa vidogo na vichache. Kilicho hakika ni kidonda: shina la mpapai ni laini na lina uwazi ndani, maji ya mvua yakiingia kwenye tundu la msumari, uozo unafuata. Mwambie mzee kwa adabu kwamba umesikia, na misumari uiache kwenye kopo.

Zipo imani nyingine mbili za namna hiyo, nitazipitia haraka. Mbegu inayoelea majini si dume. Mara nyingi ni tupu, haina kiini, itupe. Na mche wenye mzizi ulionyooka si dume wala jike. Hakuna anayeweza kuitambua jinsia ya mpapai kwa kuangalia mbegu au mche, isipokuwa maabara inayosoma vinasaba kwenye kipande cha jani. Sisi wa bustani tunangoja ua.

Sasa shemeji na panga lake. Usimruhusu leo. Una majike sita, nayo bila chavua yatadondosha maua, au yatatoa vipapai vidogo visivyo na mbegu. Huntha zako mbili zina chavua, ila si nyingi kama ya dume, na dume la jirani linaweza kukatwa kesho bila wewe kuambiwa. Acha dume moja, lile lenye afya na lililokaa upande upepo unakotokea, utoe matano. Dume moja kwa majike 10 linatosha, kwa hiyo kwako litatosha na kubaki. Na usihofu kwamba litaharibu ladha ya mapapai unayokula. Hilo nimeulizwa mara nyingi: chavua inaamua mbegu tu. Nyama ya papai ni mwili wa mama, na utamu wake unatoka kwenye majani ya mama, maji na mbolea ya mama. Jike lako linalozaa tango litazaa tango hata likichavushwa na nani, na lile tamu litabaki tamu. Kwa hiyo majike nayo yapange: yanayozaa vibaya yaondoe, usiyamwagilie kwa huruma.

Kuhusu kujiwekea mbegu, nikuwekee njia zilizopo jinsi zilivyo.

Ya kwanza ni kununua kifurushi kipya kila unapopanda upya. Naijua bei inauma. Lakini hesabu vizuri: unapanda mara moja kwa miaka miwili au mitatu, na kwa ua wa miti 10 huhitaji hata kifurushi kizima. Tafuta mwenzako mgawane. Kwa mtu anayeuza mlangoni kama wewe, ambaye wateja wanarudi kwa sababu jana walikula tamu, hii ndiyo njia ningemshauri binti yangu. Unanunua kufanana.

Ya pili ni kuacha chotara na kupanda ukoo uliotulia, ambao unaojulikana zaidi ni Solo, papai dogo la mtu mmoja lililopelekwa Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911 na likaenea duniani kutoka huko. Mpapai una sifa moja ambayo mazao mengi hayana: unaweza kujichavusha vizazi na vizazi bila kudhoofika. Kwa hiyo Solo ikijichavusha, watoto wanakuwa kama mama, na mbegu zake unaweza kujiwekea kwa miaka. Sharti ni moja, nalo huliepuki: ua lazima lifunikwe. Chagua mti wa huntha wenye tunda zuri. Tafuta ua linalokaribia kufunguka lakini bado limefumba, livike mfuko mdogo wa karatasi ya kaki, funga mdomo wake kwa uzi bila kukaza. Ua litafunguka humo ndani na kujichavusha, nondo akibaki nje. Baada ya siku kadhaa, ukiona petali zimeanguka na kitunda kimeanza kuvimba, toa mfuko na funga utepe mwekundu kwenye kikonyo ili watoto wasije wakalichuma. Mbegu za tunda hilo zitakupa huntha mbili kwa kila jike moja, na dume hakuna. Kwa nini mbili kwa moja? Rudi kwenye zile alama: robo ya mbegu ilipata H mbili, hizo zilikufa, tukabaki na nusu ya huntha na robo ya majike.

Hasara ya Solo nikuambie wazi. Tunda ni dogo, wateja waliozoea mapapai yako makubwa watalalamika, na halina ule uvumilivu wa ugonjwa ambao chotara kadhaa zimewekewa.

Ya tatu ni ile ambayo umeshaianza bila kukusudia: kuokota mbegu kwenye chotara na kuchagua mwenyewe. Si dhambi. Ile miti yako miwili yenye mapapai marefu, mekundu na matamu, ni mali. Ukivika mifuko maua yake, ukapanda mbegu zake, ukachagua tena mti bora, ukavika tena, baada ya vizazi kadhaa unaweza kupata papai la Mikindani lenye tabia yake lenyewe. Wazalishaji nao ndivyo walivyoanza. Lakini kila kizazi ni karibu mwaka mzima, na katika kila kizazi miti mingi utaitupa. Kama una nafasi na moyo wa kungoja, panda mitano sita pembeni kwa ajili ya jaribio hilo, na mapapai ya biashara yategemee kifurushi.

Njia yoyote utakayoshika, usipande tena mche mmoja kwa shimo. Panda mitatu, ikiwa mbali kidogo, kama shibiri moja moja, na ungoje maua, ambayo huja miezi minne hadi sita tangu kuotesha. Kisha acha mmoja unaoutaka, mingine ikate usawa wa ardhi, usiing'oe maana mizizi imeshafumana. Kwa mbegu za huntha iliyojichavusha, mche mmoja una nafasi mbili kati ya tatu kuwa huntha. Mitatu kwa pamoja, nafasi ya kukosa huntha kabisa ni 1 kati ya 27. Kwa mbegu za kienyeji zenye baba dume, nafasi ya kupata madume matatu matupu ni 1 kati ya 8. Mbegu za kujiwekea hazina gharama, kwa hiyo kutupa miche miwili kusikuume. Za kifurushi ni ghali, panda miwili ukubali bahati.

Kuotesha kwenyewe unakuweza, nitaongeza machache tu. Mbegu ya papai imevikwa ngozi ya utelezi inayozuia kuota. Isugue na majivu au mchanga ndani ya maji mpaka ngozi hiyo ipasuke na kutoka, isuuze, uianike kivulini, siyo juani juu ya bati. Zile za dukani zenye rangi ya kupakwa zimetiwa dawa, usizisugue wala usiziache watoto wakazichezea. Jaza viriba udongo wa juu vipimo vitatu, samadi iliyooza vizuri viwili, mchanga kimoja. Mwagia maji yanayochemka siku chache kabla ya kupanda, maana adui wa kitaluni ni kinyausi: mche unaota vizuri, asubuhi unaukuta umelala, shina limenyauka pale linapogusa udongo. Chanzo ni vimelea vya udongoni vinavyopenda majimaji, hivyo mwagilia asubuhi, kidogo, na viriba visibanane. Fukia mbegu kina cha ncha ya kidole. Joto letu la pwani linasaidia. Wiki mbili hadi tatu utaona kijani. Kwa kuwa mvua zetu ni za msimu mmoja, ukiotesha mwishoni mwa Oktoba miche itakuwa tayari kuhamishwa mvua zikishakolea, mwishoni mwa Desemba.

Shimoni, jambo ambalo nitalirudia hata ukinichoka ni maji kutuama. Mizizi ya mpapai hufa haraka ikikosa hewa. Siku mbili za kusimama majini zinatosha kuua mti uliokuwa umebeba matunda 30. Mvua kama zile za kimbunga Hidaya, Mei 2024, hazichagui. Ua wako ukiwa na bonde, inua udongo kuwa kichuguu kipana kama ungo na upande juu yake. Mchanga wa Mikindani unapitisha maji vizuri, hiyo ni heri, lakini unayapitisha pamoja na chakula, kwa hiyo samadi irudie kila miezi michache na weka matandazo ya nyasi, yasiguse shina. Kama kisima chako kiko karibu na bahari na maji yake yana ladha ya chumvi, usiyategemee kwa mipapai; ncha za majani zitaungua na mti utadumaa.

Jambo moja la joto, kwa sababu litakutisha mwakani. Miezi ya joto kali, huntha zako zinaweza kuacha kuzaa na kutoa maua membamba kama ya dume, hasa zikipata na kiu. Jirani atasema zimegeuka. Hazijageuka. Joto kali na ukame huifanya huntha isikomaze sehemu yake ya kike. Hali ikipoa na maji yakipatikana, inarudi. Jike halina tabia hiyo, linazaa moja kwa moja. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoyadharau majike ya duara kwenye joto letu, hata kama soko linapenda marefu.

Yapo mambo ambayo maelezo ya maandishi hayatoshi, inabidi mtu aje aone. Ukiona majani machanga yamekuwa na mabaka ya njano na kijani, yamesinyaa mpaka kufanana na uzi, na kwenye ngozi ya papai bichi kuna alama za pete, huo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na vidukari. Hauna dawa. Ng'oa mti huo, uuchome au uufukie, na usipande maboga au matikiti karibu na mipapai, kwani virusi hivyo hukaa humo pia. Ukiona wadudu weupe wenye unga kama pamba wamefunika matunda na majani, usikimbilie sumu iliyopo ndani, ile ya mikorosho. Ita bwana shamba wa kata kwanza, kwa sababu dawa isiyofaa inaua wadudu wanaowala hao weupe na kukuacha pabaya zaidi. Mti ukinyauka ghafla ukiwa umebeba, na mizizi ukiifukua ina vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo, na hapo usirudishe mpapai shimo lile lile. Matunda machanga yakiwa na manundu na kutoa utomvu wenyewe, huenda udongo wa mchanga umekosa boroni. Inarekebishwa kwa kiasi kidogo sana cha boraksi, lakini ikizidi ni sumu kwa mti, basi usijipimie mwenyewe.

Kwa yote hayo, Naliendele haiko mbali na wewe, ni safari fupi kutoka mjini, na kazi ya watu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale si korosho peke yake. Ofisi ya kilimo ya halmashauri nayo ipo. Na siku ukiwa na shaka ya kweli kuhusu mbegu ulizonunua, yaani umefuata kila kitu na hazikuota, au mbegu za kifurushi kilichofungwa zimekuletea madume, hapo una haki ya kulalamika, na malalamiko ya mbegu ni kazi ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibiti ubora wa mbegu. Lakini watakuuliza kifurushi chenye lebo na namba ya fungu, pamoja na risiti. Kwa hiyo kifurushi kijacho usikichane ukatupa. Kikunje ukiweke pamoja na risiti mpaka miti izae. Na ukipeleka jani au tunda la kuchunguzwa, lichume asubuhi ya siku hiyo hiyo, ulifunge kwenye gazeti. Kwenye mfuko wa nailoni litachemka njiani, na atakayelipokea hataweza kutofautisha ugonjwa na joto la safari.